Uwanja wa Netiboli wa Ekerenyo

Nilipoolewa Ekerenyo nilikuja na viatu vyangu vya netiboli. Shuleni nilikuwa mfungaji, na nilidhani hata mke wa mtu anaweza kucheza Jumapili jioni. Nilicheza mara moja tu. Mama mkwe alinikuta kwenye kiwanja cha nyuma ya soko nikikimbizana na wasichana wa sekondari, akanishika mkono na kunirudisha nyumbani kimya. Tulipofika jikoni ndipo aliponifokea.

"Soko zima limekutazama. Umeniaibisha."

Viatu nikampa mdogo wangu.

Miaka ikapita. Kiwanja kikawa jaa la taka, na malori ya ndizi yakaegeshwa palipobaki. Binti yangu alipofika gredi ya saba, yeye na wenzake walikuwa wakicheza barabarani, wakirukia mtaroni kila bodaboda ilipopita. Siku moja rafiki yake aligongwa akavunjika mguu.

Kwa hiyo kaunti ilipotuita kutoa maoni kuhusu bajeti, nilikwenda. Wanaume waliomba barabara, maji, stendi mpya. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Naomba kiwanja kisafishwe, watoto wapate pa kuchezea, na wasichana wawekewe netiboli."

"Mchezo unaliwa?" mwanamume mmoja akauliza. Ukumbi ukaangua kicheko. Nikaketi, uso ukiniwaka.

Hapo mama mkwe akasimama safu ya nyuma. Sikujua hata kama amekuja. Kiswahili humpa taabu, kwa hiyo alisema Ekegusii, na afisa mmoja wa kaunti akawatafsiria wageni.

"Nimechuma chai tangu utotoni. Sijacheza hata siku moja. Huyu mke wa mwanangu alijua kucheza, nami nikamkataza, kwa sababu nilimwonea..."

Afisa akasita, akamtazama. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa.

"...wivu. Mjukuu wangu msimkataze."

Hakuna aliyecheka.

Njiani nilimuuliza, "Mama, mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ningekuambiaje, mwanangu? Hata mimi nimejijua leo."

Tukaenda polepole, nimembebea mkoba.

Bajeti ya kwanza haikututaja, na nilikata tamaa kabisa. Yeye hakukata tamaa; mwaka uliofuata alinitangulia ukumbini. Safari hiyo tukapewa fungu. Greda likaja, taka zikazolewa, malori yakahamishiwa upande wa pili wa soko. Nyasi zikapandwa, nguzo za netiboli zikasimikwa, na bembea mbili za watoto wadogo zikawekwa pembeni.

Siku hizi Jumapili jioni wake wa hapa tunacheza na wasichana, na wao hutushinda vibaya. Magoti yangu hulalamika hadi Jumanne. Vyoo bado havijajengwa, na mvua ikinyesha sana pembe moja hujaa maji. Maombi ya mwaka huu tumeshayapeleka. Binti yangu ndiye aliyeyaandika, kurasa mbili nzima.