Mke Niliyemzua Nipate Chumba Tibirinzi

Bwana mhariri, jina langu lifiche, ingawa Chake Chake nzima itanijua. Kosa ni langu mwenyewe. Shetani simsingizii.

Mimi ni Mngazija. Nilikuja Pemba kushona kanzu na makoti katika duka la Mhindi mmoja, nikawa nalala humo humo dukani, chini ya meza ya kukatia nguo. Kwetu Ngazija mwanamume hapangi nyumba. Nyumba ni ya mke, unaoa unahamia. Basi nilipoanza kutafuta chumba, hata kuzungumza kodi sikujua. Kila nilipobisha hodi niliulizwa kwanza kama nina mke. Nikisema sina, naambiwa karibu siku nyingine, na mlango unafungwa kwa adabu.

Mwisho nikaelekezwa Tibirinzi kwa Bi Mize, mjane aliyekuwa akikaa na bintiye Zuhura, aliyeachwa na mumewe. Nyumba yao ilikuwa na chumba cha mbele chenye mlango wake. Bi Mize alizungumza nami akiwa nyuma ya pazia.

“Una mke, fundi?”

Nilikuwa nimechoka, ndugu zangu. Mgongo ulikuwa ukiniuma kwa kulala sakafuni. Nikasema, “Ninaye, Bi Mize. Yuko kwetu, atakuja.”

“Basi karibu, mwanangu. Mimi kapera simtii nyumbani, n'na mtoto wa kike. Na mkeo akija tutapata mwenzetu wa kuzungumza naye. Kodi ntakupunguzia.”

Mkavu wa macho mimi, nikamwomba apunguze tena kidogo, maana mke atataka nauli. Akapunguza!

Uongo ukishauzaa huna budi kuulea. Mke akatakiwa jina, nikampa la shangazi yangu, Echati. Kila Idi Bi Mize ananipa kitu nimpelekee: mara mkeka, mara hina, mara udi. Napokea. Mkeka nikaulalia mwenyewe. Akiniuliza mbona haji, nasema kwetu mke haondoki nyumbani kwake. “Basi nenda wewe,” ananiambia. Nasema kazi zimenizidi.

Mwaka wa pili Zuhura akaniingia moyoni. Alikuwa akinipitishia sahani ya muhogo kwenye mlango wa uani, huku ananitania: “Haya kula, bwana wa Echati, usije ukakonda akatulaumu sisi.” Nacheka, kisha narudi chumbani nakaa tu. Nilimpenda, nasema wazi. Na yeye hakunichukia.

Nikamtuma mzee mmoja wa msikitini kwetu anipelekee posa. Jibu Bi Mize akaniita anipe mwenyewe.

“Ukewenza si neno, sheria imeuruhusu,” akasema. “Lakini mkeo huu mwaka wa pili hujenda kumtazama. Hata kanga hujampelekea, nnakuona. Mwenzake ukimfanyia hivo, wangu utamfanyaje?”

Hapo nikaona hakuna tena la kuficha. “Bi Mize, mimi sina mke. Wallahi sijapata kuoa. Nilisema vile nipate chumba.”

Kisha nikamsikia Zuhura analia nyuma ya pazia.

“Kwanza ulimtupa,” Bi Mize akasema polepole. “Leo unamkana. Na Mungu umemtaja.”

Nikaapa tena, nikaapa mara ya tatu. Kadiri nilivyoapa ndivyo nilivyozidi kuoza machoni pao. Ningemleta shahidi gani? Mwezi ulipokwisha nikaambiwa nihame. Zuhura ameolewa Mgogoni na mkulima, na wanaotoka huko wanasema ametulia. Mimi nimerudi chini ya meza.

Wewe unayekwenda kupanga katika nchi ya watu, nakusihi. Ukiulizwa una mke na huna, sema huna, hata kama utalala barazani. Mwenye nyumba anayekukatalia leo atakusamehe kesho. Lakini ukishaingia kwake kwa uongo, ukweli wako hautakuwa na pa kuingilia.

Mji mzima unamwonea huruma Echati. Mwanzo nilikuwa nikibisha, sasa nimechoka. Juzi bibi mmoja alileta kanzu ya mumewe, akaniuliza kwa jicho baya, “Mkeo kule hajambo?”

Nikamwambia hajambo, anawasalimu.