Kofia Niliyoivaa Utafitini

Nichekeni tu. Nimesomea sayansi ya siasa, na nilikwenda Kishapu nikitamba kwamba kura zinapimika kama mvua. Nikapita nyumba kwa nyumba nikiuliza watamchagua nani awe diwani, kichwani nimevaa kofia ya mgombea mmoja, kisa jua kali. Wote wakamtaja yeye. Nikatangaza gulioni kwamba atashinda. Akaanguka vibaya.

Nikaenda kulalamika kwa Mama Kabula. Binti yake, Kabula, aliwahi kuniambia ananipenda nilipowatembelea zamani, kisha akaolewa Buseresere. Bado namkumbuka kila jioni.

“Shikamoo, mama. Mbona mlinidanganya?”

“Marahaba, mwanangu. Ulivaa kofia yake. Mgeni hatumvunji moyo.” Akanitazama kwa huruma. “Hata Kabula alipokuambia anakupenda, siku ile ulikuwa mgeni wetu.”