Siku Kanisa Lilipoiombea Betri Yangu

Acha nijicheke mwenyewe kwanza, maana watu wa kwetu Tala walishanicheka hadi wakachoka, na mimi bado naona aibu nikipita karibu na lile kanisa.

Enzi hizo nikiwa chuo kikuu, kabla simu hazijawa kitu cha kila mfuko, tulikuwa na mradi wa kutengeneza kompyuta ya kuvaliwa. Ndiyo, kuvaliwa! Kisanduku kifuani, betri nzito kiunoni (ilikufanya utembee kama bata) na kioo kidogo mbele ya jicho, ili afisa wa mifugo aandike habari za ng'ombe huku mikono yote miwili imemshika huyo ng'ombe. Mashine haikuwahi kufika jioni bila kuzimika, na mwalimu wetu alituambia wazi kwamba isipomaliza kutwa nzima ikiwa imevaliwa na mtu anayeishi maisha yake ya kawaida, mradi anaufunga. Zamu ya mwisho ikawa yangu, tena Jumapili.

Mimi na ujanja wangu nikaona hakuna maisha ya kawaida kuliko kwenda kanisani kwetu. Nilichelewa, nikaenda moja kwa moja bila kupitia nyumbani, na pale mlangoni haya ikanishika, nikakunja kioo nikakitia mfukoni, kisha nikavaa koti zito la marehemu baba, nililokuwa nimelibeba kwa baridi ya alfajiri, juu ya mitambo yote na kufunga vifungo hadi shingoni. (Koti ndilo kosa langu, mengine yalijileta yenyewe.) Na jua la Tala mnalijua.

Basi katikati ya maombi ya kimya, watu wameinamisha vichwa, betri ikapata joto na mashine ikaanza kulia: pii, pii, pii. Nikajibana kifua kwa mikono miwili ili kuzima ile sauti, jasho linanitiririka, uso umekunjamana, na hata nyinyi mngefikiri vile walivyofikiri. Mama Ndinda, kiongozi wa akina mama, akanifungua koti nipate hewa, akaona nyaya na taa nyekundu.

"Aiya! Pasta, huyu mtoto ako na mashine ya moyo!"

"Hapana, ni kompyuta," nikasema, lakini nani alikuwa amewahi kuona kompyuta inavaliwa?

"Wacha kuongea, utajimaliza nguvu," akanijibu, akanilaza kwenye benchi.

Pasta akaitisha mchango wa hospitali papo hapo, maana kwetu mgonjwa wa mmoja ni wa kanisa zima, na kabla sijainuka kikapu kilikuwa kinazunguka na Mama Ndinda ameshaweka kuku, miguu imefungwa, karibu na kichwa changu. Nilitaka kucheka. Ndipo nikamwona mama.

Alikuwa amesimama kati ya viti, leso mdomoni.

"Musyoka, unaugua moyo na hukuniambia?"

"Mwaitu, mama yangu, mimi niko sawa."

"Hata baba yako alisema hivyo, akiwa amevaa hilo koti."

Kicheko kikaniishia. Baba alianguka shambani, moyo, hakuaga mtu. Nikajua hakuna maelezo yatakayomfikia mama, njia ni moja tu. Nikaketi, nikashika waya wa betri, nikawafikiria wenzangu na mwaka wetu mzima wa kazi, nikamtazama mama tena, nikauchomoa.

Mlio ukakatika, taa ikazimika, kanisa likapiga yowe, na mtu nyuma akaanza, "Ee Bwana, mpokee!" Mimi nikasimama, nikaanza kurukaruka mbele ya madhabahu kama mwanambuzi. Mama Ndinda ndiye aliyekuwa wa kwanza kuangua kicheko, na pasta akafunga ibada kwa wimbo kwa sababu mahubiri hayangewezekana tena.

Michango ilirudishwa, ila kuku alikataliwa. "Kitu nimetolea Mungu hakirudi kwangu," Mama Ndinda akasema, "mpikieni huyo mgonjwa wenu."

Mwalimu wetu, nilipomsimulia, alicheka hadi akavua miwani, akasema kilichoshindwa ni koti, akatupa Jumapili moja zaidi. Mwenzangu akaivaa bila koti, ikafika jioni, na mradi ukapona.

Nami niliapa kwamba kitu chochote kigeni mwilini mwangu, hata miwani ya jua, kitapita kwanza jikoni kwa mama kikaguliwe. Jioni ile alinipakulia paja la kuku wa mgonjwa, akanikemea mpaka akaishiwa maneno, kisha akaweka kiganja chake kifuani pangu na kukiacha hapo, na ugali ukapoa sisi tukisikiliza.