Lenzi ya Tano

Najua hutaniamini, ningekuwa wewe, nami nisingeamini. Lakini sinywi, sivuti, na haya niliyaona kwa macho yangu hapa Kampala, juu ya paa la nyumba moja Luzira.

Nilisomea fizikia Nairobi, nikaja huku kufundisha tuisheni huku nikiomba nafasi ya shahada ya pili. Profesa alinipa sharti: nimpelekee picha ya galaksi hafifu niliyoipiga mwenyewe, pamoja na faili zote za kamera, bila kupunguza hata moja. Mwisho ulikuwa Jumatatu.

Darubini sikuwa nayo. Nilikuwa na Baraka, rafiki yangu Mkongo anayepiga picha za harusi. Jumamosi lenzi zake ndefu huwa kazini, Jumapili zinalala. Jumapili hiyo jioni tulizifunga nane kwenye fremu ya chuma, juu ya paa la nyumba aliyopanga, kila moja na kamera yake, zote zikitazama sehemu moja ya anga. Kompyuta huzipanga picha zake moja juu ya nyingine mpaka mwanga ule hafifu ujitokeze. Inawezekana, niamini.

"Kaka, ukivunja hata moja," Baraka aliniambia, "Jumamosi ni wewe utasimama mbele ya bibi harusi umwelezee." Akashuka kulala.

Nilifunga mlango wa paa kwa kufuli, upande wangu. Nikaivuta kufuli mara tatu.

Kamera zilikuwa zimefanya kazi kwa muda wa saa mbili hivi nilipoona mtu amesimama kando ya tangi la maji. Koti zito la mlinzi, kofia. Wewe ungefikiria nini? Mimi nilifikiria mwizi wa lenzi.

"Kijana, hapana ogopa. Mimi nalinda hapa."

"Umepitia wapi, afande?"

Wadudu wa ziwani walikuwa wamenijaa usoni kwa sababu ya mwanga wa kompyuta. Yeye hakuguswa na hata mmoja. Akainama, akazihesabu lenzi kwa kidole.

"Hii ya tano ndiyo iko naona muzuri."

"Zote ni sawa, afande."

Akacheka. "Wewe mutu ya kusoma sana. Haya."

Niliangalia kompyuta kidogo tu, labda sekunde nne. Nilipoinua kichwa hakuwepo. Kufuli ilikuwa imefungwa vilevile.

Nilijitafutia maelezo. Labda ana ngazi. Labda Baraka amemtuma anitanie. Kulipopambazuka, nikizifungua lenzi, nikagundua kosa la aibu: ya tano sikuitoa kifuniko. Usiku kucha ilikuwa kipofu. Picha zake zilipaswa kuwa nyeusi tupu.

Nikazifungua. Ya kwanza ilikuwa na nukta, palepale ambapo lenzi nyingine zilionyesha galaksi. Kwenye ya kumi, nukta imekuwa punje ya mchele. Kwenye ya thelathini ni mtu. Kwenye ya hamsini ana koti na kofia, anatembea kunijia, mikono mifukoni. Ya sitini nyeusi. Nililinganisha saa: ndiyo dakika aliyokuwa amesimama kando yangu. Kuanzia hapo ni nyeusi mpaka ya mwisho. Nilizipitia tena na tena nikiutafuta mgongo wake akiondoka. Haumo.

"Ni wewe umetengeneza hii?" nilimuuliza Baraka.

"Mimi? Na nini, kifuniko kikiwa juu?" Hakuitazama mara ya pili. "Ndugu yangu, futa hiyo kitu."

Mwenye nyumba naye alishangaa nilipomuuliza. Hajawahi kuajiri mlinzi.

Nikazifuta. Nilipeleka za lenzi saba, kila moja na namba yake, na galaksi ilikuwemo, hafifu kama pumzi kwenye kioo. Profesa alijibu siku hiyohiyo: kazi nzuri, faili za lenzi ya tano ziko wapi? Niliandika majibu manne, nikayafuta yote. Ningemwambia nini? Nafasi ikaenda kwa mwingine.

Bado niko Kampala, bado nafundisha tuisheni. Baraka amehama Luzira, na anga siipigi picha tena. Nawe unayesoma, kama kwenu kuna mlinzi uliyemkuta tu getini, muulize mwenye nyumba nani alimwajiri, na lini. Usimuulize mlinzi mwenyewe. Yule niliyemwona alikuja kutoka mbali sana, na sina picha hata moja inayoonyesha kwamba alirudi.