Nta ya Ambakisye

Leo fundi amekata bomba ukutani kwa mama, nikalia kuliko siku ya mazishi.

Nyie mnaijua baridi ya Tukuyu. Kaka yangu Ambakisye alimpitishia mama mabomba ukutani, pale kitandani kwake. Ndani si maji matupu, ni maji yenye chembe ndogondogo za nta, meupe kama maziwa. Mchana jua linayapasha kule paani, nta inayeyuka. Usiku pampu inayazungusha, nta inaganda tena na kuachia joto lake.

Mama alilala ameegemeza mgongo hapo. Alikuwa anasema mwanawe anamkanda.

Halafu Ambakisye akafariki.

Kwenye matanga shangazi akasema nyumba ya msiba haingurumi, zimeni hiyo pampu. Nani angembishia? Tukazima.

Leo tumewasha. Pampu inanguruma, ukuta wa baridi vilevile. Fundi akakata bomba. Kwa kukaa bila kuzungushwa, nta yote imejitenga na maji, imeshikana, imeziba.

"Hii ni ya kutupa," akasema.

Mama akanyoosha mkono. "Nipe hicho kipande cha nta, baba."

Nta ile ni laini jamani, haihitaji moto kuyeyuka. Akaifumbata. Alipofungua kiganja ilikuwa imeyeyuka, inamchirizika hadi kwenye kiwiko.

Fundi akamweleza taratibu kwamba nta imechukua joto la mkono wake.

Mama hakujifuta.

"Alikuwa ananipasha joto yeye," akasema. "Leo nimempasha mimi."

Mimi nilitoka nje, nikalia.