Kwale wa Modest

Modest alikuwa na tumbo lililokataa karibu kila kinachompa mtu nguvu. Maharage yalimjaza tumbo mpaka akashindwa kuinama. Karanga zilimvimbisha midomo na kumwasha koo. Maziwa hayakukaa tumboni hata kidogo, na dagaa walimtoa vipele mgongo mzima. Kwao, vijiji vya upande wa Bukene, waganga wa miti shamba walimshindwa, na yule wa zahanati ya misheni akamwambia ale vizuri. Ushauri wa bure huo. Alivyoviweza ni nyama na mayai, vitu ambavyo maskini huviona sikukuu.

Ndiyo maana hakudumu kazini. Alikwenda manamba Tanga kukata mkonge. Posho ilikuwa unga na maharage, akarudi mifupa mitupu. Akashika kibarua cha barabara, maharage tena. Kijijini wakaanza kusema kwamba ni mvivu, anasingizia tumbo. Maneno hayo yalimuuma kuliko njaa yenyewe.

Mwaka wa arobaini na nane Waingereza walikuwa wanafyeka pori la Urambo wapande karanga. Ni karanga, kati ya mazao yote ya dunia. Nyumba za Wazungu hao zilitaka mbao, na wapasuaji wakaandikwa. Modest akaingia kambi ya Mzee Omari, fundi wa Tabora mjini, ndani ya miombo karibu na njia ya zamani ya misafara ya Ujiji. Kambi nzima ilikuwa ya Waislamu wa mjini isipokuwa yeye. Alipangwa pamoja na Abbasi, mzaliwa wa Gongoni, mtaa wa hukohuko Tabora, ambaye babu yake alitoka Manyema na misafara. Tangu siku ya kwanza walitaniana bila huruma.

Gogo la mninga hulazwa juu ya shimo. Mmoja husimama juu ya gogo, mwenzake humo shimoni, na msumeno hupanda na kushuka kati yao. Wa juu ndiye anayefuata mstari. Akilegea, mbao inapinda, inakwenda upogo, na mbao ya upogo haina mnunuzi. Modest alikuwa wa juu. Alikuwa na jicho la mstari, na kwa mara ya kwanza alipata kazi aliyoipenda.

Chungu cha kambi, bila shaka, kilikuwa cha maharage. Modest alikula ugali kwa mlenda na kutega matanzi ya kamba kwenye nyasi, akawa ananasa kwale. Pale kambini kula peke yako ilikuwa aibu. Aliyepata kitu alikileta chunguni. Na kwa kuwa Mwislamu hali ndege asiyechinjwa, kila alfajiri Abbasi alifuatana naye akiwa na kisu, amchinje kwale angali hai ili wote wale. Kwale mmoja, watu wanane. Modest aliambulia bawa, siku nyingine shingo. Hakulalamika. Angeanzia wapi, na wenzake walimshangilia kila akirudi na ndege?

Baada ya wiki kadhaa mikono ikaanza kumtetemeka. Mbao mbili zikaenda upogo, kisha nyingine. Mzee Omari akamwita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaumwa, mwanangu?"

"Mzima, mzee. Ni chakula tu."

"Chakula kipo, ila wewe hukili. Sina ugomvi na wewe, lakini mbao zinarudishwa. Gogo mnaloanza kesho likiharibika, Jumamosi nenda kwenu ukapumzike."

Kupumzika huko kila mtu alijua maana yake. Modest alirudi kwenye gogo, hofu iko wazi usoni. Abbasi, uso umejaa unga wa mbao, akamtazama kutoka shimoni.

"Amekwambiaje?"

"Jumamosi naondoka, mbao zikipinda tena."

"Mnyamwezi gani wewe? Babu zako walibeba pembe mpaka pwani, wewe unashindwa na msumeno!"

Siku nyingine Modest angemrudishia. Siku hiyo alishika mpini wa msumeno tu, na Abbasi akashika wa kwake.

Alfajiri yake walimkuta kwale mnene, amenaswa mguu, anapigapiga mabawa. Abbasi akamshika. Kisu kilikuwa kiunoni, hakukigusa. Aliangaza huku na huko kama mwizi wa kuku, akamvunja yule ndege shingo kwa mkono, akamtupa miguuni pa Modest.

"Tumechelewa," alisema. "Amekwisha kufa."

"Abbasi, mbona alikuwa..."

"Nimesema amekufa. Unabishana na Mwislamu habari za nyamafu?"

Kambini akatangaza hivyo hivyo. Wenzake walisonya, wakasema hasara gani hii, nyamafu hatuli, mwachieni Modest. Modest akamchoma, akaenda kumlia kando, akatafuna hadi mifupa. Aliona haya, na alishiba. Kesho yake ndege mwingine akakutwa amekufa, na siku iliyofuata vilevile. Abbasi akawa kichekesho: kila mtego anaoukaribia, kwale keshakata roho. Alikula maharage yake na kuwajibu kwa matusi. Juu ya gogo mikono ya Modest ilitulia, na msumeno ukarudi mstarini.

Ijumaa gogo liliisha. Mzee Omari alipitisha kidole ubavuni mwa kila mbao, akaondoka zake. Jioni watu walipozunguka sinia la ugali, alichovya tonge kwenye maharage, akageuka.

"Abbasi."

"Naam, mzee."

"Hapa kuna aliyeonja nyama wiki hii, mbali na Modest?"

Modest, huko kando alikoketi, alimweka ndege wake chini.

"Hakuna, mzee. Tunachelewa, tunawakuta wamekufa."

"Nimeona," alisema Mzee Omari. Alikula tonge lile, akamega jingine. "Basi na kesho mchelewe kuamka."