Ukuta Wangu Unamwinamia Shosho wa Jirani

Tafadhali ficheni jina langu, niiteni tu Mama Sifa, mume wangu husoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa magharibi, tunaishi mtaa wa Satellite kwenye ploti tuliyouziwa na mzee ambaye ndiye jirani yetu. Sisi humwita Guka, yaani babu kwa Kikuyu. Mkewe, Shosho, yaani nyanya, ni mkongwe na macho yake hayaoni vizuri.

Miaka minne iliyopita mume wangu alikuwa kazini Eldoret, akaniachia kazi ya kujenga ukuta wa mpakani. Kwenye mpaka kulikuwa na mstari wa matoka, yale maua yenye majani mapana ambayo Wakikuyu hupanda kugawanya mashamba. Kwetu tunatumia mimea mingine, lakini sitawadanganya, nilijua kazi yake. Guka mwenyewe alinionyesha siku tuliponunua. Guka na Shosho walipokwenda Nyeri kwa mazishi wiki nzima, nikamwambia fundi ang'oe matoka yote na asogeze msingi futi mbili upande wao. Nilitaka nafasi ya jikoni. Matoka niliyachoma pamoja na takataka.

Guka aliporudi hakupiga kelele. Alisimama pale akitazama, halafu akaniuliza, "Mama Sifa, matoka iko wapi?" Nikamwambia sijui, labda mafundi walidhani ni magugu. Mume wangu aliporudi wakabishana, naye, mzee wa kanisa anayeheshimika, akaapa mbele ya Guka: "Mungu anihukumu mimi kama mke wangu amesogeza mpaka." Nilikuwa nimesimama nyuma yake na sahani ya viazi. Nilinyamaza, jamani. Nilinyamaza kabisa.

Sasa mvua za mwaka huu zimekula msingi. Ukuta umeinama upande wa Guka, na ufa umepanda kutoka chini hadi juu, mkono wangu unaingia. Fundi amekuja akatingisha kichwa. "Mathe, siwezi bomoa kutoka huku, itaenda yote upande wao. Lazima niingie kwao niweke mbao za kushikilia kwanza."

Na ni pale chini ya ukuta ndipo Shosho hukaa kila asubuhi. Jua hulipiga eneo lile mapema, basi huwekewa kiti akaegemea mawe akichambua maharagwe. Namsikia akijiongelesha.

Nilikwenda kumwomba Guka ruhusa. Akakataa. Kwa hofu nikaropoka, "Basi Guka, Shosho asikae pale, ukuta utamuua!" Jamani, heri nisingesema vile. Mzee alinikazia macho. "Umeng'oa mpaka yangu, sasa unatamkia bibi yangu kifo? Kwa mdomo yako?" Kwao neno kama hilo ni laana, na laana haiondoki kwa kusema pole. Tangu siku hiyo kiti cha Shosho kimesogezwa hadi penye ufa. Guka hukiweka mwenyewe, kisha hunitazama kupitia ufa huo. Anataka nione kwamba maneno yangu hayana nguvu kwake.

Kupitia kwa chifu ametoa sharti moja tu: "Aite wazee, asimame mbele ya watu, aonyeshe na mkono yake mahali matoka ilikuwa. Hiyo siku fundi ataingia, hata chai nitampatia." Mume wangu alicheka kwa hasira. "Huyu mzee ni mkaidi tu. Tumeshamwonya. Ukianguka, ni juu yake." Mume wangu si mtu mbaya. Anasema hivyo kwa sababu ananiamini, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Juzi fundi alipaka ukanda wa saruji juu ya ufa ili tuone kama bado unapanuka. Akasema ukanda ukipasuka kabla ya Jumapili, hakuna tena wakati wa kubembelezana. Leo ni Ijumaa. Asubuhi nimeukuta umekatika katikati, na vumbi jipya limemwagika chini. Upande wa pili nikamsikia Shosho akivuta kiti. Nikamwita kwa sauti ya chini, "Shosho, sogea kidogo, tafadhali." Akacheka. "Mama Sifa, niache nipate joto. Hii ukuta yako imenisaidia sana."

Nimeandika haya nikiwa jikoni, hapo hapo nilipoiba. Mawingu yameshatanda upande wa Ngong. Nikisema ukweli, mume wangu atajua aliapa kwa Mungu juu ya uongo wangu, na sijui kama ataniangalia tena. Nikinyamaza, mama wa watu atafia kwenye jua lake la asubuhi. Najua mtanitukana, nitukaneni, lakini mnijibu kabla mvua haijaanza. Mume wangu hurudi saa kumi na moja jioni. Nimngoje yeye nimweleze kwanza, au nivuke sasa hivi nikapige magoti kwa Guka?